Nyumba Penye Miti, Jirani na Mwalo

Anayenunua nyumba Geita au Kahama huulizia kwanza barabara, maji na kivuli. Ana haki, hasa mkoani Shinyanga, ambako mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 kurejesha miti kwa njia ya ngitili. Lakini miti hupunguza vumbi la makarasha tu. Mvuke wa zebaki haiuzuii.

Mvuke huo, usio na rangi wala harufu, hutoka pale mchimbaji mdogo anapochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu: mwaloni, uani mwake, au hata katika duka la mnunuzi katikati ya mji, penye barabara nzuri. Huingia kwa pumzi na kudhuru ubongo na figo. Kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Basi mnunuzi aulize pia jirani hufanya kazi gani, na kama kiwanjani pamewahi kumwagwa marudio, kwani zebaki haiozi udongoni.

Mgonjwa anayetetemeka mikono, asiyepata usingizi na mwenye kusahausahau huweza kudhaniwa mlevi. Mhudumu wa afya na amwulize anaishi wapi, si kazi yake tu. Zebaki iliyovutwa kwa pumzi hupimwa katika mkojo.