Taa Inayoruka Kabla ya Filamu

Bila shaka unamjua yule mwenye rimoti. Filamu ikianza tu, kabla hata hamjakaa sawa, ashapeleka mbele. "Hizo ni nembo tu, wacha tuone stori!" Kwetu mwenye rimoti ni kaka yangu mkubwa, na mimi naye tumekosana mara nyingi kwa sababu ya taa.

Ndiyo, taa! Nasema nembo ya Pixar, kampuni ya Marekani iliyotengeneza Toy Story mwaka 1995. Jina PIXAR limesimama peke yake. Mara kitaa cha mezani kinaingia kikirukaruka, kinafika kwenye herufi I, kinairukia na kuikanyaga mpaka inabonyea kabisa. Kinaangalia huku na huku kama mtoto aliyevunja gilasi, halafu kinatugeukia sisi. Kisha giza.

Kumbe taa hiyo haikuanza kama nembo. Mwaka 1986 Steve Jobs aliinunua idara ya kompyuta ya Lucasfilm, ikawa kampuni ya kujitegemea, na kazi yake hasa ilikuwa kuuza kompyuta, si filamu. Mfanyakazi mmoja, John Lasseter, aliitazama taa ya mezani pake, aina ya Luxo, akaitengenezea katuni ya dakika kama mbili iitwayo Luxo Jr. Humo taa kubwa inaitazama ndogo ikicheza mpira, hadi ndogo inaurukia na mpira unaisha pumzi. Basi ile I unayoiona ikikanyagwa leo ni ndugu ya ule mpira.

Taa haina macho wala mdomo. Itaonekanaje kuwa ni mtoto? Hapa ndipo ninapompendea Lasseter. Alifupisha mikono ya taa na kupunguza kofia yake, lakini balbu akaiacha ukubwa uleule, kwa sababu balbu hununuliwa dukani, haikui! Vivuli navyo vilikuwa kazi ngumu, maana taa zenyewe ndizo zinazomulika, na zikisogea kila kivuli nacho kinahama. Katuni ilipoonyeshwa kwa wataalamu wa kompyuta mwaka huohuo, mmoja wao, Jim Blinn, alimfuata Lasseter. Lasseter akadhani ataulizwa habari za vivuli. Wapi! Aliulizwa kama ile taa kubwa ni mama au baba.

Mwishoni mwa filamu ya WALL-E ya mwaka 2008, balbu ya kitaa inazimika na yule roboti anatoka kuja kuibadilisha. Akirudi anaiangusha R, basi anasimama yeye mahali pake. Anayezima mapema hawezi kuyaona hayo. Pixar yenyewe ilinunuliwa na Disney mwaka 2006, lakini taa haikufukuzwa.

Haya yote nilimweleza kaka, akasema ati ninajifanya profesa. Lakini Jumamosi iliyopita tulipoweka filamu, rimoti ilibaki mezani. Kitaa kikaingia, kikafika kwenye I. "Ngoja," kaka akasema, "mbona balbu yake ni kubwa hivyo?"