Uhandisi Chuo Kikuu: Pima Nafasi Kabla ya Kutuma Ombi

Matokeo ya KCSE yanapotoka, swali la kwanza katika nyumba nyingi za Kotile ni moja: mtoto amepata gredi gani? Kwa anayetaka kusomea uhandisi, gredi ya wastani pekee haitoi jibu. Wawili wanaweza kupata B ya kawaida, mmoja akaitwa na mwingine akakosa kozi ileile.

KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huangalia kwanza masomo. Kozi nyingi za shahada ya uhandisi hutaka angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia, pamoja na somo la nne. Mwanafunzi aliyeacha Fizikia alipochagua masomo sekondari tayari amejifungia mlango, hata akipata A kwingineko. Uamuzi huo hufanywa mapema, mara nyingi mzazi akiwa hana habari.

Kisha kuna pointi za klasta, ambazo huhesabiwa kati ya 48. Walimu wengi hukadiria hivi: pointi za masomo manne ya klasta hugawanywa kwa 48, na jumla ya pointi za masomo saba hugawanywa kwa 84. Majibu hayo mawili huzidishwa, hutafutwa kipeuo cha pili, kisha huzidishwa kwa 48.

Tuseme wanafunzi wawili wana jumla ya pointi 60, yaani B. Wa kwanza ana B katika Hisabati, B- katika Fizikia na Kemia, na B+ katika Biolojia: pointi 35 za klasta. Wa pili ana C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia, na A- katika Elimu ya Dini ya Kiislamu: pointi 32. Makadirio ya wa kwanza ni 34.6, ya wa pili ni 33.1. Katika kozi inayogombaniwa, pengo hilo si dogo. Hesabu hii ni ya kukadiria tu. Pointi rasmi za kila mtahiniwa huonekana katika akaunti yake kwenye tovuti ya KUCCPS.

Hapo ndipo wengi hukosea. Pointi za mwaka uliopita zinazoonyeshwa kando ya kila kozi si kiwango kilichowekwa na chuo. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka huo. Waombaji wakiongezeka au nafasi zikipungua, hupanda. Aliye juu yake kwa nusu pointi hana uhakika wowote, na aliye chini kidogo hajapoteza kila kitu. Ni vyema kutazama miaka miwili au mitatu, si mmoja.

Kwa hiyo si busara kujaza nafasi zote za ombi kwa kozi za ushindani mkubwa, kwa mfano uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT, bila kuweka hata moja ambayo pointi zake za awali ziko chini ya za mwombaji. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inaitaka KUCCPS iwazingatie waliotengwa, lakini hilo halimwondolei mtu masharti ya masomo.

Kabla ya kuchagua, familia ihakikishe pia kwamba kozi inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Bila hivyo, mhitimu anaweza kumaliza miaka mitano na kukwama anapotaka kusajiliwa kuwa mhandisi.

Aliyekosa C+ hajafika mwisho wa njia. Diploma huanzia C-, na North Eastern National Polytechnic iko Garissa mjini. Wenye diploma nzuri huweza kuomba shahada baadaye, ingawa safari huwa ndefu zaidi.

Maombi hufungwa kwa tarehe iliyotangazwa. Barabara ya Garissa hukatika Tana inapofurika, na mtandao nao hulemewa siku za mwisho. Familia ya Kotile inayotegemea saiba ya mjini isingoje wiki hiyo.