Barua Pepe kwa Mwalimu: Adabu Inayopotea Njiani



Kijana aliyelelewa Musoma, Bunda au Butiama hapiti mbele ya mtu mzima bila ya kumwamkia. Mkoa wetu wa Mara una lugha nyingi, Kizanaki, Kijita, Kikurya, Kiluo na nyinginezo, lakini shikamoo imekuwa ya wote. Na huku ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere, ambaye pamoja na urais wake wote, jina lililomfuata hadi kaburini Butiama mwaka 1999 lilikuwa la kazi yake ya kufundisha. Inakuwaje basi kijana huyo huyo, akishajiunga na chuo kikuu, amwandikie mhadhiri wake barua pepe isiyo na salamu wala jina, inayosema tu amtumie alama zake leo?

Wazee wengi hujibu haraka kuwa watoto wa siku hizi hawana malezi. Siafikiani nao. Mara nyingi malezi yapo, bali yamepotea njiani, baina ya lugha mbili.

Tazama Kiswahili chenyewe. Tunapotaka kitu husema "naomba unitumie", na neno hilo moja "naomba" hulainisha sentensi nzima. Mwanafunzi akihamia Kiingereza, shikamoo haina mahali pa kukaa, na "naomba" huanguka. Ikabaki amri tupu. Kiingereza hupunguza makali kwa njia nyingine: huuliza iwapo jambo litawezekana, na huweka kitenzi katika wakati uliopita ingawa haja ni ya leo. Asiyefundishwa hayo hubandika "tafadhali" mbele ya amri akidhani amemaliza. (Neno lenyewe tumelitoa katika Kiarabu, ambako mwenyeji ndiye humwambia mgeni kumkaribisha, sisi tumeligeuza kuwa la mwombaji.) Wala si Waswahili pekee. Mwaka 2011 mtafiti Maria Economidou-Kogetsidis alichapisha uchunguzi wa barua pepe za Kiingereza za wanafunzi wa chuo kikuu huko Kupro, akakuta maombi ya moja kwa moja mno, salamu zilizoachwa na walimu walioitwa kwa namna isiyofaa.

Kwa familia zetu jambo hili lina gharama. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, anaweza kusoma akiwa nyumbani kwake Bunda huku mwalimu wake yuko Dar es Salaam. Hawaonani. Tuseme alama ya jaribio haikuingizwa, na siku za kusahihisha kasoro zinakwisha. Barua isiyo na jina, namba ya usajili wala jina la somo haijibiki hata na mwalimu mwenye huruma, na huenda somo likarudiwa kwa ada ambayo mzazi ameipata kwa pamba au kwa samaki.

Katika Surat Al-Kahf, aya ya 66, Nabii Musa (a.s.) anamwendea mja mwema ambaye wafasiri wamesema ni Khidhri. Hakumwamuru. Alimwuliza iwapo angemruhusu kumfuata ili amfunze. Imamu Fakhruddin Razi ametoa adabu nyingi katika maneno hayo machache, na mojawapo ni kuwa Musa aliomba sehemu tu ya elimu ya mwalimu wake, hakuitaka yote. Huyo ni Mtume, tena aliyezungumza na Mola wake.

Nami sioni ubaya wowote kumwandikia mhadhiri Mtanzania kwa Kiswahili, ikiwa chuo hakikukataza: "Shikamoo Daktari. Mimi ni fulani, wa mwaka wa pili, namba yangu ya usajili ni hii. Nilifanya jaribio la kwanza la somo lako, lakini alama sijaiona. Naomba, ukipata nafasi, uniangalizie. Karatasi yangu nimeiambatisha." Yatosha. Ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" tuliyokaririshwa shuleni iachiwe maofisi. Ukiitazama vizuri, neno lake la kwanza ni amri. Tena salamu zisiwe ndefu hata haja ikafichika chini ya dua na sifa, kwani mwalimu mwenye wanafunzi mamia huenda asiifikie.

Walimu nao wana sehemu yao. Qur'ani, Surat An-Nisaa aya ya 86, imeagiza maamkizi yajibiwe kwa yaliyo bora zaidi au mfano wake, na barua iliyoanza kwa shikamoo ikakaa mwezi mzima bila ya jibu haijapata marahaba yake. Mhadhiri akiwaeleza wanafunzi katika kipindi cha kwanza apendavyo kuitwa, lugha anayotaka aandikiwe, na siku anazohitaji kujibu, atakuwa amewapunguzia wengi mashaka, naye pia.