SOMO LA REDIO: Mahakama au Jeshi?

Fungueni vitabu vyenu, na yule asomaye vizuri akae karibu na mwenziwe ambaye bado anajifunza.

Leo tunazungumza juu ya jambo zito. Magaidi wakiwashambulia watu, serikali yafaa itume polisi na mahakimu, ama itume jeshi?

Kwanza tujue maana ya neno lenyewe. Gaidi, kwa maana ya somo letu, ni mtu anayewaua au kuwatisha raia ili kuilazimisha serikali, au watu wote, wafuate matakwa yake.

Sasa fikirini mfano huu. Ghala la kijiji chenu limevunjwa usiku, na mahindi yameibwa. Mnaweza kufuata nyayo, kuwauliza mashahidi, kumkamata mtu na kumpeleka kwa hakimu. Au mnaweza kushika marungu na kwenda usiku huohuo nyumbani kwa mtu mnayemshuku. Njia hii ya pili ni ya haraka. Lakini je, kama siye yeye aliyeiba? Tena geuzeni jambo upande wa pili: kama wezi wana silaha, wamekimbilia ng'ambo ya mto, na jumbe wa huko hataki kuwatoa, mtawapelekaje kwa hakimu? Serikali nazo hupata taabu hiyohiyo.

Basi na tutazame habari ya kweli, iliyotokea huku kwetu Afrika ya Mashariki. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kiasi cha saa nne na nusu asubuhi, mabomu yaliyopakiwa katika magari yalilipuka penye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11. Wengi wa waliokufa hawakuwa Wamarekani. Walikuwa Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wakipita njiani.

Serikali ya Marekani ilizifuata njia zote mbili.

Njia ya jeshi ilichukua siku 13 tu. Tarehe 20 Agosti 1998, makombora yalirushwa kutoka baharini. Mengine yalipiga kambi nchini Afghanistan, ambako Osama bin Laden, mkuu wa kundi la Al-Qaeda, alikuwa amepewa makao. Wenyeji wake hawakukubali kumtoa. Marekani ilisema inajitetea, na kweli Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 51, unairuhusu nchi iliyoshambuliwa kwa silaha kujitetea. Lakini bin Laden hakuuawa siku hiyo.

Makombora mengine yalibomoa kiwanda cha Al-Shifa, mjini Khartoum, Sudan, kilichotengeneza dawa za watu na za mifugo. Marekani ilisema kiwanda kilihusika na sumu za vita. Mwenye kiwanda alikana. Nani aliamua baina yao? Hakuna. Kiwanda kilipigwa kwanza, maswali yakaja nyuma. Wenye kiwanda walipoleta madai Marekani, mahakama ya rufani ilisema mwaka 2010 kwamba uamuzi wa namna ile haikuwa kazi ya mahakama kuupima.

Njia ya sheria ilikwenda polepole. Wapelelezi walichambua vifusi, wakawatafuta mashahidi. Mshtakiwa mmoja alikamatwa Pakistan siku ileile ya mabomu. Mwingine, Khalfan Khamis Mohamed wa Tanzania, alikamatwa Cape Town mwaka 1999. Kesi ilisikilizwa New York mwaka 2001, hadharani, na washtakiwa wakiwa na mawakili. Watu wanne walitiwa hatiani, na mwezi wa Oktoba 2001 wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Lakini mwezi huohuo majeshi ya Marekani yalikuwa yameanza vita Afghanistan, kwa sababu ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001. Sasa vita vilitangulia, sheria ikabaki nyuma. Mtanzania mwingine, Ahmed Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Hakupelekwa mahakamani. Alifungwa mahali pa siri na kuhojiwa kwa nguvu, kisha akapelekwa gereza la kijeshi la Guantanamo.

Alifikishwa katika mahakama ya New York mwaka 2009. Hapo serikali ikajikwaa. Jaji alimkataa shahidi mkubwa, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumlazimisha mshtakiwa kusema. Mwaka 2010 Ghailani alitiwa hatiani kwa shtaka moja tu, na mengine zaidi ya 280 yakamwachilia. Hata hivyo shtaka hilo moja lilitosha: mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hapa ndipo penye funzo la leo. Njia inayochaguliwa siku ya kwanza huweza kuharibu ile itakayotakiwa baadaye. Neno lililotolewa kwa mateso hakimu hulikataa. Na kombora likishapiga, haliwezi kukatiwa rufani.

Wala hatusemi kwamba jeshi halina kazi. Yako mahali ambapo polisi hawafiki, na iko hatari isiyongoja kesi. Kwa hiyo serikali yenu ikisema, "Tumeamua kutumia jeshi," ulizeni mambo manne. Je, mtu huyo aweza kukamatwa? Uko ushahidi unaoweza kuonyeshwa hadharani? Hatari iko karibu kiasi gani? Na jirani zake, wasio na hatia, watapatwa na nini? Raia anayeuliza maswali haya hamtetei gaidi. Analinda watu wasio na hatia, naye mwenyewe yumo katika hao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Watu wangapi walikufa katika miji yote miwili tarehe 7 Agosti 1998? Jumlisheni.
2. Kwa nini jaji alimkataa shahidi katika kesi ya Ghailani? Je, ninyi mngemkubali?
3. Someni tena mfano wa ghala. Kijiji chenu kingefanya nini, na kwa sababu gani?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.