Bahari ya Mafia na Haki ya Mvuvi

Ndugu wafanyakazi wa mjini, mnaonunua samaki sokoni alfajiri, yafaa leo mfikiri juu ya mikono iliyowavua. Huko Mafia, mwaka 1995, serikali ilitenga kilometa za mraba 822 za bahari na visiwa kuwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini chini ya sheria ya mwaka 1994. Ndani ya mipaka hiyo vimo vijiji vyenye watu wake. Tangu siku hiyo lipo swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha: bahari ikilindwa, mvuvi naye atalindwa na nani?

Tusidanganyane, ulinzi ulihitajiwa. Baruti, ingawa ni marufuku, ilipigwa pwani yetu kwa miaka mingi. Pigo moja huua wakubwa na wachanga pamoja, na kuvunja matumbawe yaliyochukua makumi ya miaka kukua. Wenyeji wa Mafia waliliona hilo kwa macho yao, na ndiyo sababu wengi waliiunga mkono hifadhi ilipokuwa ikitungwa, wakitumaini kwamba wapiga baruti watafukuzwa. Mpiga baruti ni adui wa wananchi, wala hatuna neno la kumtetea.

Lakini juya si baruti. Huharibu, kweli, huburura majani ya bahari na kuzoa samaki wachanga. Hata hivyo juya moja huvutwa na watu wengi, aghalabu vijana wasio na chombo wala mtaji, na kila mmoja hurudi kwake na fungu lake. Ukilichukua juya ukampa mwenyewe jarife badala yake, umemfidia mwenye mali. Na wale wavutaji je? Hao ni wafanyakazi sawasawa na wa kiwandani, ila hawana mkataba wala wa kuwasemea. Kisiwani Jibondo, ambako ardhi ni mawe na kilimo ni kidogo, kumwambia mtu apumzike kuvua ni kumwambia apumzike kula.

Ipo njia yenye matumaini, nayo ni ya pweza. Pweza wa miambani huishi kadiri ya mwaka mmoja tu, naye hukua upesi mno. Jike hutaga mara moja, huyalinda mayai yake pasipo kula, kisha hufa. Kwa hiyo mwamba ukifungwa miezi miwili au mitatu, faida humrudia yule yule aliyeufunga; hangoji mpaka wajukuu wake. Wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, walianza hivyo mwaka 2004, na pwani yetu nayo, Pemba na Mafia, imeufuata mfano. Mtu hulinda kwa moyo kile alichokifunga mwenyewe kwa kauli ya mkutano wa kijiji.

Walakini hata hapa pana dhuluma inayonyemelea. Kwa desturi wanawake ndio waliochokoa pweza, kwa miguu, maji yakipwa. Siku hizi mwamba ukifunguliwa, wazamiaji wenye miwani huwatangulia, na vyombo vya mbali, ambavyo havikuacha hata siku moja ya riziki kwa ajili ya mwamba ule, huja kuvuna. Mnunuzi naye, akiona pweza wamejaa siku hiyo moja, hushusha bei.

Basi twataka bei ipatanwe kabla mwamba haujafunguliwa, na waliofunga wawe wa kwanza kuingia. Mtalii hulipa kiingilio ili aone hifadhi; hesabu ya fedha hiyo isomwe mbele ya wanakijiji, kwa tarakimu, si kwa hotuba. Wavutaji wa juya nao waandikwe majina katika kila mpango wa kubadilisha nyavu. Na tarehe ya kufungua mwamba ipangwe kwa bamvua, maji yanapopwa mbali, hata mama asiye na mtumbwi aweze kuufikia kwa miguu yake.