Kuanzishiwa uchungu baada ya mimba kupitiliza

Kuanzishiwa uchungu ni hatua ya kitabibu ya kuchochea mfuko wa uzazi uanze kubana kabla haujaanza wenyewe, ili mama ajifungue kwa njia ya kawaida. Sababu zake ni nyingi, zikiwemo shinikizo la damu la mimba, kisukari, na chupa kupasuka bila uchungu kufuata. Mojawapo ya sababu zinazotokea mara nyingi ni mimba kupitiliza, yaani kuvuka tarehe ya makadirio ya kujifungua, na makala hii inahusu hali hiyo.

Hesabu ya tarehe

Mimba huhesabiwa wiki 40, sawa na siku 280, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kanuni inayotumika kliniki inaitwa kwa jina la Franz Karl Naegele, mkunga-daktari wa Ujerumani wa karne ya 19: siku 7 huongezwa na miezi 3 hupunguzwa. Mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 10 Februari atatazamiwa kujifungua tarehe 17 Novemba. Akifika tarehe 24 Novemba ametimiza wiki 41, na tarehe 1 Desemba wiki 42. Kitabibu, mimba huitwa iliyopitiliza kabisa inapotimiza wiki 42. Kuvuka tarehe kwa siku mbili tatu ni jambo la kawaida, kwa kuwa ni watoto wachache tu, karibu 1 kati ya 20, wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi.

Kanuni hiyo inadhani kwamba kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 huwa amepata mimba wiki moja baadaye kuliko kadi inavyosema, na anaweza kuambiwa amepitiliza wakati mtoto wake yuko sawasawa na muda. Kipimo cha ultrasaundi cha miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache tu, lakini kile cha miezi mitatu ya mwisho kinaweza kukosea kwa wiki mbili hata tatu, kwa sababu wakati huo watoto wameshatofautiana kwa ukubwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, maana wajawazito wengi huanza kliniki mwezi wa tano au wa sita, na tarehe ya hedhi hukumbukwa kwa kukisia. Tarehe ikiwa na shaka, swali la kwanza si dawa gani itumike, bali kama mimba imepitiliza kweli. Kumwanzishia uchungu mama aliyedhaniwa ana wiki 41 kumbe ana 36 ni kumzaa mtoto kabla ya wakati.

Sababu za kutosubiri zaidi

Baada ya wiki 41 kondo la nyuma huanza kwa baadhi ya akina mama kupunguza kazi yake ya kumpelekea mtoto hewa na chakula. Maji ya uzazi hupungua, mtoto anaweza kujisaidia tumboni na kuyachafua, na wengine huendelea kukua hadi kupita kwao kunakuwa kugumu. Hatari inayoogopwa zaidi ni mtoto kufia tumboni. Kwa mama mmojammoja hatari hiyo ni ndogo, lakini hupanda kadiri siku zinavyokwenda, wala haitoi dalili kila mara.

Nchini Uswidi utafiti ulioitwa SWEPIS, uliolinganisha kuanzishiwa uchungu wiki ya 41 na kusubiri hadi wiki ya 42, ulisimamishwa kabla ya wakati mwaka 2018 ukiwa umeshirikisha wanawake 2,760. Katika kundi la kusubiri walikuwa wamekufa watoto 6. Katika kundi lingine hakufa hata mmoja. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyojumlisha tafiti 34, yalikadiria kwamba inabidi kuwaanzishia uchungu wanawake 544 ili kuokoa mtoto mmoja. Namba hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili, na zote ni za kweli: wengi wanaosubiri hujifungua salama, na kusubiri kuna gharama. Mapitio hayohayo yalionyesha kwamba upasuaji haukuongezeka kwa walioanzishiwa, bali ulipungua kidogo, kinyume na imani iliyoenea kwamba dripu huishia kwenye kisu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanzishiwa uchungu kwa mama anayejulikana kwa hakika kuwa ametimiza wiki 41. Kabla ya hapo, kama mimba haina tatizo, halipendekezi. Mama ana haki ya kuelezwa na kuulizwa ridhaa yake; akichagua kusubiri, hufuatiliwa kwa karibu kwa kupima mapigo ya moyo wa mtoto na wingi wa maji.

Kulainisha mlango wa kizazi

Jambo linalowashangaza wengi ni urefu wa kazi hii. Ndugu wanaongoja nje ya wodi hutazamia mtoto jioni ileile, kumbe kwa mzazi wa kwanza siku nzima inaweza kupita kabla uchungu wa kweli haujaanza, na mara nyingine siku mbili. Sababu ni mlango wa kizazi. Kwa miezi tisa kazi yake ilikuwa kufunga. Kabla ya kufunguka hauna budi kulainika, kufupika na kusogea mbele.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima njia. Mkunga au daktari huangalia mambo matano: upana wa njia, ufupi wa mlango, ulaini wake, mwelekeo wake, na kichwa cha mtoto kimeshuka kiasi gani. Alama zake, kuanzia 0 hadi 13, zilipangwa na daktari Mmarekani Edward Bishop mwaka 1964. Anayepata 6 au chini huhitaji kulainishwa kwanza. Anayepata 8 au zaidi yuko karibu sawa na mwanamke ambaye uchungu ungemwanza wenyewe.

Njia nyepesi kuliko zote ni mkunga kuingiza kidole na kukizungusha ili kutenganisha chupa na sehemu ya chini ya kizazi. Huuma kiasi, huacha matone ya damu, na mama anaweza kurudi nyumbani akangoja. Njia nyingine ni mpira wa Foley, uleule unaotumika kutolea mkojo. Huingizwa kwenye mlango wa kizazi, puto lake hujazwa maji, nalo husukuma taratibu kwa saa kadhaa, mara nyingi hadi 12, mpaka lidondoke lenyewe njia ikiwa imefunguka sentimita 3 au 4. Ni kifaa cha bei nafuu, hakihitaji jokofu, na hakibanishi kizazi kupita kiasi.

Misoprostoli ni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Kwa kuanzisha uchungu kipimo chake ni kidogo sana: maikrogramu 25 kwa mdomo kila baada ya saa 2, au ukeni kila baada ya saa 6. Tatizo ni kwamba kidonge kinachopatikana sana kina maikrogramu 200, yaani mara nane ya kipimo, kwa kuwa hutumika pia kuzuia damu kutoka nyingi baada ya kujifungua. Kukikata kwa wembe vipande vinane hutoa vipande visivyolingana. Pale kidonge kidogo kisipopatikana, kidonge kizima huyeyushwa katika mililita 200 za maji, na kila mililita 25 ni dozi moja. Mama aliyewahi kupasuliwa wakati wa kujifungua hapewi misoprostoli, kwa sababu kovu la kizazi linaweza kuchanika.

Dripu na uchungu wenyewe

Njia ikishalainika, mhudumu huweza kupasua chupa kwa chombo maalumu. Kitendo chenyewe hakiumi zaidi ya kupimwa njia, na maji ya uvuguvugu humwagika. Kichwa cha mtoto hakina budi kuwa kimeshuka, kwani kikiwa juu kitovu kinaweza kutangulia kutoka.

Kisha hufuata dripu ya oksitosini, homoni ileile ambayo mwili huitoa wakati wa uchungu. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955. Haianzishwi mara tu baada ya misoprostoli. Hupita saa kadhaa, la sivyo dawa hizo mbili huongezeana nguvu. Matone huanza machache na kuongezwa kidogokidogo hadi kizazi kibane mara 3 hadi 5 katika dakika 10, na mapumziko katikati. Wengi husema uchungu wa dripu huja kwa kasi kuliko wa kawaida, kwa hiyo dawa ya kutuliza maumivu, msindikizaji na ruhusa ya kubadilisha mkao si anasa.

Kizazi kikibana zaidi ya mara 5 katika dakika 10, mtoto hukosa muda wa kupata hewa. Hapo dripu hufungwa, mama hulazwa kwa ubavu, na hali hutulia upesi kwani oksitosini haikai mwilini. Kidonge kilichomezwa hakiwezi kufungwa hivyo. Tofauti hii ndiyo inayofanya kuanzisha uchungu kufanyike mahali penye wahudumu wa kusikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara na uwezo wa kupasua.

Njia isipofunguka, si lazima kwenda moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mama na mtoto wakiwa salama, mama huweza kupumzishwa na njia nyingine kujaribiwa. Baada ya chupa kupasuka, madaktari wengi hungoja dripu ifanye kazi angalau saa 12 kabla ya kusema imeshindikana. Baada ya kujifungua, kizazi kilichofanya kazi muda mrefu kinaweza kulegea na kutoa damu nyingi, hivyo mama huchomwa sindano ya oksitosini mara mtoto anapotoka.

Mitishamba na kungoja nyumbani

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ziko dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Baadhi kweli hubanisha kizazi, na hatari ni hiyohiyo: kipimo hakijulikani na haziwezi kusimamishwa. Aliyekunywa anapaswa kumweleza mkunga kabla ya kupewa dawa nyingine, na mkunga asimkaripie, maana anayeogopa kukaripiwa huficha.

Mama aliyevuka tarehe na bado yuko nyumbani huenda hospitali siku hiyohiyo mtoto akipunguza kucheza, damu ikitoka, au maji yakimwagika, hasa yakiwa na rangi ya kijani au kahawia.