Kampuni Ilipokuwa Baba na Mama

Malori ya shaba kutoka Kongo hupita katika barabara zetu kwenda bandari ya Dar es Salaam. Shaba tunaiona. Maisha ya wenzetu walioitoa ardhini tunayajua kidogo, ingawa wao nao husema Kiswahili.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kuyeyusha shaba likawashwa. Mwanzoni watu waliletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa kambini kwa maradhi. Katika miaka ya 1920 kampuni iliona kwamba kubadilisha watu kila mara ni hasara. Ikataka waje na wake zao, wakae.

Tutazame basi maisha ya kambini. King'ora kilimwamsha mtu. Nyumba aliyolala ilikuwa ya kampuni. Unga na mafuta ya mawese vilikuwa posho ya kampuni, na mama wa nyumbani alipanga foleni kuipokea. Mtoto akiugua, hospitali ya kampuni. Akifika umri wa kusoma, shule ya kampuni, chini ya wamisionari. Ndiyo maana watu walisema kampuni ni baba na mama.

Lakini baba huyo hakutaka kuulizwa. Wakati wa vita bei zilipanda, na Desemba 1941 wafanyakazi wakagoma kudai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9, wakiwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira, askari waliwapiga risasi. Makumi ya watu waliuawa, akiwamo Léonard Mpoyi, mmoja wa wasemaji wao.

Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi, ikazaliwa Gécamines. Posho, shule na hospitali viliendelea. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ulianguka, mishahara ikacheleweshwa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mkupuo, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Kazi ilipokwisha, vyote vilivyoifuata vilikwisha pamoja nayo. Watoto wengine waliacha shule. Kina mama walilima mahindi na kuuza mkaa, vijana wakachimba mawe kwa sururu.

Sisi hatusemi nyumba na posho ni vibaya. Mwenye njaa hadharau unga. Tunasema mfanyakazi ajue kipi ni haki yake na kipi ni hisani ya mwajiri, maana hisani hukatwa siku yoyote bila mtu kuulizwa.

Kila tawi litazame mkataba wake wa hali bora. Matibabu ya familia yameandikwa? Nyumba baada ya kustaafu? Kiinua mgongo? Kama hayamo, tuyadai sasa, wakati mgodi na kiwanda bado vinafanya kazi.